Naomba ushauri: gundi ya nyuki na saratani ya mama

Mwana wa Arua: Ndugu zangu, asalaam aleikum. Mama yangu ana saratani ya titi. Nimesoma kwamba gundi ya nyuki, ule utomvu ambao nyuki huukusanya kwenye machipukizi ya miti na kuzibia nyufa za mzinga, ina kemikali iitwayo CAPE inayotuliza uvimbe na kuua seli za saratani. Mtu mwenye umri wa miaka 60 anywe matone mangapi kwa siku? Tafadhali msinicheleweshe, kwa maana usingizi umenipotea.

Mfugaji wa Nebbi: Gundi safi ikipoa hukatika kama kijiti kikavu, na ikipata joto la mkono hunata. Ukiona inalainika tu bila kunata, ujue imechanganywa na nta nyingi. Marehemu baba yangu aliipaka kwenye vidonda vya ng'ombe, nasi watoto tulitumwa kuikwangua mizingani.

Bibi wa Bombo: Mwanangu, uliza kwanza imeyeyushwa ndani ya nini. Nyingi huyeyushwa kwa spiriti, na mama Mwislamu ana haki ya kuambiwa kabla hajafungua kinywa.

Mfamasia wa Mbale: Kipimo kilichothibitishwa kwa saratani hakipo. Mwaka 1996 watafiti walionyesha kwamba CAPE huzuia NF-kappa B, protini inayowasha uvimbe na kuzisaidia seli nyingi za saratani zisife. Jambo hilo ni kubwa, nami nalifuatilia kwa matumaini, lakini lilionekana katika seli za maabara. Tena CAPE hupatikana hasa katika gundi ya nchi zenye mipopla, miti ya nchi za baridi. Nyuki wetu wanakusanya kwenye miti mingine, hivyo chupa ya hapa huenda isiwe nayo kabisa. Sasa nijibu: mama anapata tiba gani?

Mwana wa Arua: Anatibiwa hospitalini. Swali langu ni la matone.

Mfamasia wa Mbale: Matone na tiba havitengani. Je, yuko kwenye dripu?

Mwana wa Arua: Alikuwa. Ya mwisho tumeiahirisha, kwa sababu nywele zimekwisha, miguu inakufa ganzi, na safari ya basi hadi Kampala inammaliza. Chupa nimekwisha kuilipia nusu. Sioni ubaya, kwani hii ni dawa ya asili isiyotesa mwili.

Msafiri wa Busia: Wakubwa, mimi nina mashaka na uzi huu. Mtoto wa mgonjwa angeanza na jina la dawa anayotundikiwa mama yake. Huyu ameanza na jina la kemikali iliyomo kwenye chupa. Nahofia kwamba baada ya majibu machache tutaletewa namba ya simu na bei.

Mwana wa Arua: Muuzaji sitamtaja, na bei sitaiandika. Jina la CAPE nililipata kwenye karatasi yake. Kadi ya mama imeandikwa paklitakseli.

Mfamasia wa Mbale: Basi sikiliza, ndugu yangu. Paklitakseli nayo ni ya asili: ilitolewa katika gome la mti wa Taxus brevifolia, na Marekani iliidhinisha itumike mwaka 1992, baada ya miaka mingi ya kupimwa kwa wagonjwa, njia ambayo CAPE bado haijaimaliza. Inavunjwa na vimeng'enya vya ini, yaani protini zinazochakata dawa mwilini, na majaribio ya maabara yameonyesha kwamba gundi ya nyuki inaweza kuzuia baadhi ya vimeng'enya vya aina hiyo, hivyo dawa ya dripu huenda ikabaki mwilini kupita kiasi. Kwa hiyo usimpe tone kabla daktari wake hajaiona chupa. Mweleze pia habari ya ganzi, kwa sababu kipimo cha dripu kinaweza kupunguzwa.

Bibi wa Bombo: Na mama mwenyewe anasemaje?

Mwana wa Arua: Anataka kuendelea na dripu. Mimi ndiye niliyemzuia, na sikufanya hivyo kwa ubaya. Ninyi hamkai naye usiku.

Msafiri wa Busia: Nimekuelewa, kaka. Piga simu kliniki asubuhi, uombe tarehe mpya.

Mwana wa Arua: Nitapiga. Chupa nitaichukua hata hivyo, nimpelekee daktari.

Bibi wa Bombo: Basi lenu linapita hapa kwetu kabla ya kuingia Kampala. Niandikie faraghani siku ya safari. Mtalala kwangu, mama apumzishe miguu, na kesho yake mfike hospitali mapema.