Mrejesho: mafuta ya bangi ya tiba na tafakuri ya jioni

Wakuu, asanteni. Swali lilikuwa: kwa nini mafuta ya bangi yaliyoandikwa na daktari, huku Canada, yanakaa saa nzima bila kushika, kisha yanalevya katikati ya tafakuri?

Mchawi ni ini. THC (kemikali ya bangi inayolevya) inayomezwa hugeuzwa humo kuwa kemikali kali zaidi. Huanza kushika baada ya dakika 30 hadi saa 2, na kilele huweza kuchelewa hadi saa 4. Kuongeza dozi dakika ya 45 ukidhani ya kwanza imegoma ndiyo kosa lenyewe.

Matone sihesabu tena, hayalingani. Chupa ina miligramu 10 za THC kwa kila mililita: tikisa, vuta mililita 0.25 kwa kibomba cha kupimia dawa, unapata miligramu 2.5. Basi. Tafakuri sasa inatangulia dozi, akili ikiwa safi (mlibishana sana hapa, ila aliyesema hivyo alipatia). Anayetumia warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda) amwone daktari kwanza. Na chupa haipandi ndege kuja Dar wala Nairobi: kuivusha mpaka wa Canada ni jinai, hata ukiwa na cheti cha daktari.