Nataka kujifunza kunyoosha bodi na kupiga rangi magari hapa Mwanza, nianzie VETA au gereji?

Kijana wa Igoma
Mwangaluka wakuu, naomba ushauri kwa mafundi na yeyote anayeijua hii kazi. Nina miaka 21, nimemaliza form four, naishi Igoma kwa mjomba. Nimeosha magari kule Nyamhongolo karibia mwaka mzima. Kuna Noah moja nilikuwa naiosha kila wiki, mlango wake wa pembeni ulikuwa umebonyea vibaya hadi maji yanatuama, ikapotea siku kadhaa ikarudi, nikapitisha kitambaa nikitafuta pale palipobonyea sikupaona, nikarudia na kiganja, hamna kitu. Tokea siku hiyo hii kazi haijanitoka kichwani.

Mjomba amesema ana laki sita ya kunianzishia na hataongeza. Nimepata njia tatu. Kwanza VETA, chuo cha ufundi cha serikali, pale Nyakato. Pili kuna gereji moja Buzuruga fundi anataka laki mbili anifundishe miaka miwili. Tatu nimeona tangazo la chuo binafsi wanasema miezi mitatu tu unakuwa fundi kamili wa rangi. Mama yeye yuko Sengerema kila akipiga simu anauliza cheti. Na je naweza kusomea rangi peke yake? Maana nyundo na kuchomelea naona kama ni kazi nyingine.

Puti na Msasa
Dogo nimefurahi umeandika ile habari ya kiganja, maana hapo ndo kazi ilipo. Mimi niko kwenye bodi mwaka wa 14 sasa, nilianzia Mabatini.

Nianze na swali lako la mwisho. Usitenganishe bodi na rangi mdogo wangu, rangi haifichi kitu, rangi inaonyesha. Bati likiwa na wimbi hata dogo, ukishapiga klia, ile ya juu isiyo na rangi, likang'aa mteja analiona akiwa ng'ambo ya barabara. Muda mwingi wa kazi unaishia kwenye kunyoosha na kusugua, kushika bunduki ya kupulizia rangi ni dakika chache. Unanyoosha bati kwa nyundo na doli, kile chuma cha kuegemeza nyuma ya bati, mpaka likaribie kabisa, puti ya kuziba mabonde inakuja mwisho tena nyembamba, ukiona fundi anajaza puti nene kama anapiga plasta ya nyumba jua itapasuka. Puti unaisugua na msasa namba 80 ulio mkali kupata umbo, unaenda kwenye laini zaidi 180, 240, 320, ndo praima, yaani rangi ya msingi, halafu 400 mpaka 600 wa maji ndo rangi. Kabla ya praima kuna kitu mzee wangu alinifundisha, unachukua rangi nyeusi ya kopo unapuliza kidogo sana kama vumbi juu ya puti, kisha unasugua na msasa uliozungushiwa kibao, palipobaki peusi ndo kuna shimo. Jicho linadanganya, ile nyeusi haidanganyi.

Sasa gereji ya kujifunzia. Mimi gereji ya kwanza nilikaa miaka miwili nafagia, naosha bunduki kwa thina, natumwa chai na maandazi, sikuwahi kupuliza hata kifuniko cha tenki, na hela walichukua. Naumia mpaka leo kwa ile miaka. Kwahiyo kabla hujatoa laki mbili nenda ukae pale siku mbili tatu kuanzia asubuhi mpaka wafunge, angalia vijana waliokutangulia wanashika nini, aliyepo mwaka wa pili kama bado anafagia tu ondoka. Angalia kompresa kama ina kichujio cha maji na kama wanaifungulia maji kila asubuhi, hapa kwetu ziwani hewa ina unyevu, maji yakipita kwenye bunduki rangi inatoka vipele. Na angalia wanapulizia wapi. Kuna siku wale wadudu wa ziwani wananyanyuka kama moshi, ukiwa umepuliza nje wakatua kwenye klia mbichi unasugua upya boneti nzima, gereji yenye hata turubai la kuzunguka gari inajali kazi.

Malipo usitoe yote. Toa nusu, andikianeni mbele ya mjomba, mwandike kabisa lini unaanza kushika bunduki.

Miezi mitatu ufundi kamili hapana. Ndani ya miezi mitatu unakuwa ndo kwanza umeanza kujua kusugua.

Dada Praima, Nyegezi
Kaka Puti amesema kweli kwenye gereji ila mimi nimepita VETA kwanza na sijutii hata kidogo. Nilichokipata darasani ni kwa nini kitu kinatokea. Gereji wanakwambia weka hadina, ile dawa ya kukaushia, wanakadiria kwa macho, ikikataa kukauka wanaongeza. Mimi nilifundishwa hadina ya puti ni kama gramu 20 kwa kilo, ukizidisha ile hadina inakuja kupenya baadaye kama doa kwenye rangi na hujui imetoka wapi. Klia nyingi ni mbili kwa moja lakini kila kopo limeandikwa, soma kopo.

Na kodi za rangi, yaani namba za kuitambulisha rangi. Gari za Toyota tunazopokea zimetoka Japani, fungua boneti kuna kibati, tafuta C/TR hapo ndo kodi ya rangi ilipo. Nikwambie kilichonikuta nilipotoka chuo nikaingia gereji, jina la gereji silitaji, ililetwa gari nyeupe mlango umekwaruzwa, bosi akasema nyeupe ni nyeupe, tukanunua 040 ya kawaida nikapuliza. Gari ilikuwa 070 ile nyeupe ya lulu, ambayo ni tabaka tatu, nyeupe ya chini, halafu ya lulu, halafu klia. Ndani ya gereji ilionekana sawa kabisa, tulivyoitoa juani mlango ukawa kama umetolewa gari nyingine. Mteja alikuwa mama mtu mzima, alisimama tu anaangalia hakusema kitu. Nilirudia kazi usiku na hela ya rangi nikatoa mfukoni. Sasa hivi sipulizi mlango kabla sijapuliza kipande cha bati pembeni nikakipeleka juani nikakilinganisha.

Kwahiyo ushauri wangu, nenda Nyakato mwenyewe uulize mambo matatu, kozi ya bodi na rangi ipo au wana umakanika tu, mwanafunzi anashika gari au anashika daftari, na fildi wanawapeleka wapi. VETA inaenda kwa viwango, cha kwanza, cha pili, cha tatu, sio lazima umalize vyote kabla ya kufanya kazi.

Na mama yako mwambie hivi, hata ukianzia gereji cheti unaweza kupata. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi kwa mafundi waliojifunzia mtaani, wanakupima unachokijua kwa vitendo, palipopungua wanakuongezea mafunzo, ukifaulu unapewa cheti. Kuna mafundi wamekaa na nyundo miaka 20 wamepita hapo.

Haisi ya Kisesa
Mimi sio fundi nina gari. Cheti usikidharau dogo, ukitaka kazi za kampuni au za bima watakuuliza karatasi, TIN na risiti ya EFD. Sisi wa mtaani tunaangalia kazi tu.

Mdogo wake Fundi
Naomba niongezee kitu hakijaguswa na kinaniuma. Kaka yangu alipiga rangi Kirumba miaka mingi, alikuwa anajifunga kitambaa puani au ile barakoa ya vumbi. Kilianza kikohozi cha jioni, baadaye kifua kinabana akiingia tu gereji, akienda nyumbani kijijini Magu wiki mbili anapona, akirudi kazini kinarudi. Hospitali wakamwambia ni pumu ya kazi. Zile hadina za klia na rangi za kisasa zina kemikali inaitwa isosianeti, mwili ukishaikataa basi hata kidogo tu inakubana. Leo hawezi kukaa hata na mtu anayepuliza.

Barakoa ya vumbi ni ya wakati wa kusugua. Haizuii mvuke wa rangi. Kwenye kupuliza unahitaji ile ya mpira yenye vichujio viwili vya mkaa na unavibadilisha, na bora zaidi ni ile inayoletewa hewa safi kwa bomba. Miwani na glavu pia. Kwenye ile laki sita toa hela ya barakoa KABLA ya ada yoyote. Nakuomba kama mdogo wangu.

Kijana wa Igoma
Wakuu nimesoma yote mara mbili na mjomba nimemsomea. Dada Praima nashukuru sana, nimeenda Nyakato jana kuuliza kama ulivyosema, wamenipa fomu naijaza. Chuo cha miezi mitatu nimekiacha. Pole sana kwa kaka yako mkuu, mjomba amekubali barakoa tununue kwanza.

Leo nimeshinda pale Buzuruga tangu saa moja. Kompresa wameifungulia maji nimeona kwa macho yangu, na kijana wa mwaka wa pili alikuwa anapuliza praima kwenye bampa ya IST, fundi amesimama nyuma yake anamwambia asogeze mkono asigeuze kiwiko. Nilipoaga fundi hakuniuliza hela. Amenipa kipande cha boneti la zamani lenye puti na msasa 80, akasema nirudi nacho Jumatatu.

Puti na Msasa
Huyo kaa naye hata wakati unasubiri majibu ya chuo. Zungushia msasa kwenye kibao, usisugue kwa vidole utachimba mifereji. Ukimaliza puliza nyeusi juu yake, sugua tena halafu tuma picha hapa tuone palipobaki.