Kutuma &, +, # na ritifaa (') kwenye linki kwenda PHP: njia ipi inawafaa?

kondele_msimbo (Kisumu)
Wakuu, habari za jioni. Nimekabidhiwa mfumo wa oda wa duka moja la hadwea hapa Kisumu, upande wa Kibuye. Ni PHP tupu (lugha ya programu inayoendeshwa kwenye seva), na kurasa zake zinapashana habari kwa linki:

`oda.php?mteja=Otieno & Sons&simu=+254...&maelezo=Rangi #7, punguzo 10%baada ya Ijumaa`

Mteja akiwa Akinyi, mambo shwari. Akiwa Otieno & Sons, seva inaona "Otieno" peke yake. Ile + ya simu inageuka nafasi. Neno "Rangi" linafika, #7 na punguzo vinapotelea njiani. Linki nyingine zinaundwa na JavaScript, nyingine na PHP yenyewe.

Njia ninazoziona: encodeURIComponent (funksheni ya JavaScript ya kusimba alama), au Base64 (kuandika data upya kwa herufi na alama chache tu), au kuhamishia kila kitu POST (data isafiri ndani ya ombi, si kwenye linki). Bosi naye ana yake: "andika tu *na* badala ya &". Nyinyi mngechagua ipi?

seva_nakuru
Ya bosi iondoe mezani. Jina la mteja ni lake, ankara ikitoka "Otieno na Sons" mhasibu wao atairudisha.

Nenda na kusimba thamani kwa mtindo wa asilimia (alama inaandikwa kwa % na msimbo wake), ndio uliowekwa kwenye kiwango cha intaneti cha RFC 3986 cha mwaka 2005. & inakuwa %26, + inakuwa %2B, # inakuwa %23, na % yenyewe %25. Ukipiga print_r($_GET), yaani kuonyesha kila PHP ilichopokea kwenye linki, sasa hivi utakuta parameta ya ajabu inaitwa Sons, haina kitu ndani: ndiyo nusu ya jina la mteja wako. Kuhusu #, usihangaike kuitafuta kwenye PHP. Brauza haitumi kabisa kilicho baada yake, kwa hiyo hakuna funksheni ya seva itakayokirudisha.

Hata ile "10%baada" ingefika, ingeleta balaa lake. b na a ni tarakimu halali za heksadesimali (namba za msingi wa 16), kwa hiyo %ba inasomwa kama baiti moja, isiyo UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi) sahihi ikiwa peke yake. Hifadhidata yako ikiikataa utatafuta kosa mpaka usiku wa manane.

Kwenye JavaScript: encodeURIComponent, thamani moja moja. Si encodeURI, hiyo inaziacha &, + na # zipite zilivyo. Na escape() ya zamani isahau, haigusi +. Kwenye PHP: http_build_query, unaipa safu nzima inakupangia.

mama_wa_kodi (Kakamega)
Naongezea hapo kwa seva_nakuru: kama brauza zenu si za kale, URLSearchParams ya JavaScript ni nzuri kuliko encodeURIComponent. Huunganishi kamba kwa mkono, kwa hiyo huwezi kusahau parameta moja. Nafasi inaandikwa + badala ya %20, lakini $_GET inazielewa zote mbili.

bit_ya_ziwa
Mimi natetea Base64. Unachukua data yote, unaigeuza kamba moja, unatuma parameta moja tu. Hakuna kuwaza alama.

seva_nakuru
@bit_ya_ziwa alama zipo ndugu yangu. Base64 ya kawaida ina +, / na = ndani yake, na hiyo + ikifika PHP ni nafasi, umerudi pale pale. Itabidi utumie ile ya linki, yenye - na _. Kamba inanenepa kwa theluthi moja hivi, na ukifungua logi huwezi kusoma chochote. Tena btoa(), funksheni ya JavaScript inayotengeneza Base64, inagoma ikikutana na herufi nje ya Latin-1 (herufi za Ulaya Magharibi).

bit_ya_ziwa
Sawa, hilo la btoa nakubali. Lakini kwa data yenye matabaka, mfano oda nzima yenye bidhaa nyingi, bado naona inafaa kuliko parameta thelathini.

mama_wa_kodi
Oda nzima kwenye linki ya nini jamani? Hapo ndipo POST inapoingia. Fomu yenye method="post" inasimbwa na brauza yenyewe. Ila ukiunda mwili wa ombi kwa mkono kwenye fetch ya JavaScript, "mteja=" + jina, shida ya & ni ile ile; POST haikukingi na hilo.

Mimi nagawa hivi: kutafuta na kuchuja ni GET (data ndani ya linki), ili mtu aweze kutuma linki kwa WhatsApp ama kuihifadhi. Kuandika oda ni POST. Na simu za wateja ningezitoa kwenye linki hata kama zimesimbwa vizuri, maana linki nzima inabaki kwenye logi za seva na historia ya brauza ya kompyuta ambayo duka zima linaitumia. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019.

kondele_msimbo
Asanteni. Nimeweka encodeURIComponent. Otieno & Sons imefika nzima, #7 imefika. Lakini + ya simu bado inageuka nafasi! Kwenye linki naiona kabisa ni %2B.

seva_nakuru
Tafuta urldecode kwenye msimbo uliokabidhiwa.

kondele_msimbo
Eh. Ipo kila faili. `$simu = urldecode($_GET['simu']);`

seva_nakuru
Zitoe zote. $_GET inakuja ikiwa imeshasimbuliwa: %2B imekuwa +. Wewe unaisimbua mara ya pili, + inakuwa nafasi. Simba mara moja pale linki inapoundwa, na upande wa pili soma tu. Aliyeziweka labda alikuwa anapigana na alama zilizosimbwa mara mbili, kwa hiyo angalia pia kama kuna mahali http_build_query inapewa kitu ambacho tayari kimepitia urlencode. Dalili yake ni %2526 kwenye linki.

siaya_data
Mmesahau ritifaa, na sisi huku ndio wenye majina yake. Ng'ong'a, Ong'ang'o, Nyang'oma. encodeURIComponent haiigusi '. Sasa kama ukurasa unaandika linki kwa `href='...'` yenye ritifaa, jina linaifunga linki katikati: inabaki mteja=Ng. URLSearchParams inaigeuza %27, na urlencode ya PHP pia. Hiyo kwangu ndiyo sababu ya kumuunga mkono mama_wa_kodi.

Halafu simu nyingi zinaandika ’ iliyopinda badala ya '. Hiyo inasimbwa %E2%80%99 na inafika salama, lakini ukitafuta Ong'ang'o kwa ya kawaida humpati. Zigeuze ziwe aina moja wakati wa kuhifadhi, si kwenye linki. Na SQL yako iwe ya vigezo vilivyofungwa (thamani zinapelekwa kando ya hoji), maana ' ikishafika salama ndipo inakwenda kuvunja hoji ya hifadhidata.

kondele_msimbo
href='...' zimejaa. Kwa hiyo: URLSearchParams kwenye JavaScript, http_build_query kwenye PHP, urldecode zote nje, oda ziende POST. Na kwa linki za ndani nafikiria nitume namba ya mteja badala ya jina, oda.php?mteja=418.

mama_wa_kodi
Namba ni safi zaidi, ila hakikisha seva inakagua kama aliyeingia ana ruhusa ya kumwona 418, maana mtu atajaribu 419. Kisanduku cha kutafuta bado kitahitaji kusimbwa.

Ukimaliza, bandika hii kwenye kila fomu uone kama inarudi ilivyo:

`Ng'ong'a & Sons +254 #7 10%baada 3/4 =? Ong’ang’o`

siaya_data
Na ukiwa na mpango wa linki nzuri za aina ya /bidhaa/bomba-3/4, huo mkwaju (/) uuache kwenye parameta. Kwenye njia yenyewe, seva ya Apache ikikutana na %2F (mkwaju uliosimbwa) inarudisha 404 mpaka uiruhusu kwa mpangilio wa AllowEncodedSlashes.