Haibridi "laini kwa mkono, zinadumu"? Mkono unauma na nyuzi zimeliwa!

Wakuu, nina hasira, acheni niseme.

Kila seti ya nyuzi za haibridi za raketi ya tenisi, yaani aina mbili za nyuzi kwenye raketi moja, inanadiwa kwa mambo mawili: zinadumu na hazitesi mkono. Nusu poliesta (uzi mgumu), nusu multifilamenti (uzi laini wa nyuzinyuzi nyingi ndogo), eti unapata uzuri wa zote mbili. Nimefungiwa hizo kwenye raketi, nimecheza, na sasa kiwiko kinauma kwa nje, pale kwenye kifupa, hata nikizungusha kitasa cha mlango.

Nianze na mkono, maana hapo ndipo tunapodanganywa. Raketi nyingi zina nyuzi 16 za wima na 19 au 20 za mlalo. Ukihesabu harakaharaka unaona zile laini za mlalo ndizo nyingi, basi mkono uko salama. Hapana! Za wima ndizo ndefu, ndizo zinazocheza zaidi mpira ukigusa, na ndizo zinazoamua raketi itakuwaje mkononi. Halafu maelekezo ya seti yanasema poliesta ifungwe wima. Yaani mkono unapigwa na poliesta, na ule ulaini uliolipia umewekwa mahali unapopunguza ukali kidogo tu. Anayetafuta spini (kuuzungusha mpira) na mwenye mkono mzima, sawa, mpangilio huo unamfaa. Basi iandikwe hivyo, isiandikwe "laini kwa mkono".

Na msiniletee majina ya mabingwa. Roger Federer alitumia haibridi miaka mingi, lakini utumbo asilia (nyuzi laini za utumbo wa ng'ombe) ulikuwa wima na poliesta mlalo. Novak Djokovic vilevile. Tunauziwa kinyume chake kwa sifa zao.

Kuhusu kudumu ndiyo nachoka kabisa. Poliesta haikatiki upesi, kweli. Lakini inalegea mapema mno, huanza kupoteza mkazo tangu saa za mwanzo baada ya kufungwa. Ikishakufa, yaani ikishalegea, nyuzi zinasogea na hazirudi mahali pake, mpira unaruka nje ya mstari, nawe unakaza kiganja na kuongeza nguvu ili uuzuie. Kiwiko ndicho kinacholipa. Nilimpelekea fundi raketi, akabonyeza nyuzi kwa kidole akasema, "Bado nzima hizi, endelea kucheza." Nzima kwa sababu hazijakatika! Huyohuyo alizifunga zote kwa mkazo wa paundi 55, poliesta na laini sawasawa, wakati mafundi makini huishusha poliesta paundi 2 hadi 4.

Na hizo laini za mlalo? Sogezeni nyuzi kando pale katikati ya raketi mtazame. Kila makutano yana mfereji, poliesta imesaga hadi nyuzinyuzi zimechomoza kama manyoya. Yangu ilikuwa ya pembe tano, ile ya kung'ata mpira, kwa hiyo imekata haraka zaidi. Kwa hiyo upande mmoja umekufa bila kukatika, upande wa pili unakatwa na mwenzake. Uimara uko wapi hapo?

Kuna ile kanuni ya zamani: ukicheza mara 3 kwa wiki, badilisha nyuzi mara 3 kwa mwaka. Kwa poliesta hiyo ni kuchelewa sana, na hakuna muuzaji aliyeniambia nizikate zikiwa bado hazijakatika.

Ninachotaka ni kidogo. Watengenezaji waandike poliesta inabaki hai kwa saa ngapi za mchezo, waache kupima uimara kwa kukatika peke yake. Na fundi, kabla hajagusa mashine, aulize: mkono wako ukoje?

Seti ile nimeikata yote. Sasa nafunga multifilamenti wima, poliesta ya mviringo, nyororo, milimita 1.20, mlalo, paundi 52 kwa 49. Zitakatika mapema, najua, na afadhali zikatike. Wenye kiwiko kibovu mliojaribu mpangilio huu, mmeshuka hadi paundi ngapi ndipo maumivu yakapungua?