Ushauri: tumelipiwa safari ya meli ya kitalii, lakini mimi kukaa bure siwezi

MamaWaKituku, Goma

Salamu kwenu wote. Wale waliokwisha kupanda hizi meli kubwa za Ulaya, nisaidieni. Binti yetu wa Liège ametulipia mimi na baba yake safari ya juma moja kwenye Bahari ya Mediterania, mwezi wa tisa. Tunapandia Marseille, kisha Genoa, Napoli, Palermo, Tunis, halafu siku nzima baharini bila kusimama popote, Barcelona, na kurudi Marseille.

Mzee wangu amefurahi mno. Amekwisha kutangaza kanisani kwamba atalala kwenye kiti kirefu kando ya bwawa, na mtu asimwamshe mpaka saa ya kula. Tatizo ni mimi. Mimi ni mtu wa soko. Saa kumi na moja alfajiri niko macho, saa kumi na mbili nimeshavutana bei na watu wa maharagwe. Picha anazonitumia binti ni za watu wamelala juani kama sambaza (dagaa wa ziwani kwetu) zilizoanikwa. Jua nalikimbia, pombe sinywi, kamari sichezi, na kuogelea sijui ingawa nimezaliwa kando ya ziwa (msinicheke, tuko wengi).

Meli si ngeni kwangu. Ziwa Kivu nimelivuka mchana na usiku kwenda Bukavu. Lakini kule mtu ana shughuli: unalinda mizigo, unapiga stori na wenzako, unafika, unauza. Hii ya kuzunguka na kurudi pale pale ulipoanzia, mtu anafanya nini ndani yake? Sitaki mtoto aone nimenuna kwa pesa yake.

PapaKatuba, Lubumbashi

Yaya, suluhisho ni rahisi. Wewe baki sokoni, mimi niende na mzee. Kiti cha pili hakitabaki wazi.

JikoLaMeli, Lubumbashi

Mama, salama. Msimsikilize Papa Katuba. Nilifanya kazi jikoni kwenye meli hizo, kwa hiyo nitasema ninayoyajua.

Viti vile vinapigwa picha kwa sababu vinauza tiketi. Siku ya bahari watu wanavigombania tangu asubuhi, wanaweka taulo kisha wanaenda kula. Waachie. Wewe tafuta ratiba ya siku. Zamani kila jioni karatasi ilikuwa inaletwa kabini. Siku hizi meli nyingi zimeihamishia kwenye programu ya simu, lakini ukiomba mapokezini mara nyingi wanakupa ya karatasi. Kaa nayo na kalamu. Utakuta mazoezi ya viungo, mafunzo ya dansi, mashindano ya maswali, mpishi anaonyesha jinsi ya kutengeneza tambi, mtu anafundisha kuchonga matunda. Mengi ni bure, na yale ya kulipia yameandikiwa bei. Jioni kuna maonyesho kwenye ukumbi wa tamthilia, ya kuimba na sarakasi, na hayo hayahitaji kujua Kiitaliano.

Kuamka kwako mapema ni mali. Saa kumi na mbili asubuhi sitaha ni ya wafagiaji na watu wachache wanaotembea. Kama ni siku ya kufika bandarini, simama mbele upande ambao ngazi inashushwa. Utaona boti dogo linakuja mbio, linajibana ubavuni mwa meli ambayo bado inatembea, na mtu anapanda kwa ngazi ya kamba. Huyo ni rubani wa bandari, ndiye anayemwelekeza nahodha njia ya kuingia. Abiria wengi wanasafiri miaka hawajawahi kumwona, wamelala.

Tena uliza kama wana ziara ya sehemu za wafanyakazi: jikoni, dobi, stoo, pengine hata chumba cha kuongozea meli. Inalipiwa, na si kidogo, na nafasi zinaisha upesi. Lakini mfanyabiashara akiingia stoo ya kulisha watu elfu kadhaa kwa juma zima, aone jinsi mboga zinavyopangwa na nani anatia sahihi kabla gunia moja halijatoka, atakuwa na maswali mpaka Barcelona. Mwombe binti aweke hiyo kwenye zawadi.

NyotaYaKadutu, Bukavu

Mimi naona mnamjazia mama kazi nyingine. Mtu ameuza maharagwe maisha yake yote, mtoto anasema pumzika, na sisi tunamtafutia stoo ya kukagua! Mama, hiyo siku ya bahari kaa na mzee wako. Ni lini mliwahi kukaa pamoja mchana kutwa bila simu ya mteja?

MamaWaKituku, Goma

Nyota mwanangu, mzee akilala anakoroma. Nitakaa naye akiwa macho.

Yaya_Himbi, Goma

Mama, wewe ni wa Goma, unashuka Napoli, kisha unauliza utafanya nini?

Juu ya mji ule kuna volkano, Vesuvio. Kwa urefu ni mtoto: mita 1,281, na Nyiragongo yetu ina 3,470. Lakini ndio mlima uliofukia mji wa Pompei mwaka 79. Kuna jambo ambalo mtu wa kwetu atalielewa kuliko watalii wengine pale. Sisi mwaka 2002 na tena mwaka 2021 tulikimbia moto wa kutiririka. Ni mbaya, unakula nyumba, mwaka 2002 ulipita katikati ya mji mpaka ukaingia ziwani, lakini wengi waliuona unakuja, wakabeba mtoto na godoro wakaondoka. Pompei haikuwa hivyo. Kwanza yalinyesha majivu na mawe mepesi kwa saa nyingi mpaka mapaa yakaanguka. Waliosubiri ndani, wakidhani yatapita, wakafikiwa baadaye na mawingu ya gesi na majivu ya moto yaliyoshuka mlimani kwa kasi ambayo hakuna anayeikimbia.

Majivu yakaganda juu ya miili, miili ikaoza, zikabaki nafasi tupu. Mwaka 1863 Giuseppe Fiorelli, aliyekuwa akisimamia uchimbaji, akaanza kumimina plasta ndani ya nafasi hizo. Ndiyo maana leo utaona umbo la mtu amejikunyata, hata mikunjo ya nguo yake. Mimi nilisimama pale nikashindwa kupiga picha.

Ila kwa mama wa soko, nenda uone maduka. Kuna nyumba za mikate zenye oveni na mawe makubwa ya kusagia ngano. Kuna vibanda vya chakula cha moto vinavyotazama barabara, mitungi imejengewa ndani ya meza, mteja anachotewa akiwa amesimama. Miaka karibu elfu mbili, na mpangilio unaujua.

Kufika si kazi. Bandari ya Napoli iko mjini kabisa. Nenda kituo cha Garibaldi, panda treni ya Circumvesuviana, shuka Pompei Scavi, dakika kama arobaini. Treni inajaa: mkoba uubebe mbele, kama unapita mtaa wetu wa Birere. Beba maji na kofia, kivuli hakuna. Kama miguu inasumbua, Ercolano iko karibu zaidi, ni ndogo, na ilifukiwa siku zile zile. Kupanda Vesuvio penyewe, tiketi inanunuliwa mapema kwa intaneti, na usijaribu mlima na Pompei siku moja. Wenzetu wana kituo cha kuchunguza volkano tangu 1841, cha kwanza duniani. Na sisi OVG yetu, kituo cha volkano cha Goma... basi, huo ni uzi mwingine.

Palermo ndiko utakakojisikia nyumbani. Kutoka bandarini unaweza kutembea kwa miguu mpaka soko la Ballarò, na wauzaji wanaita wateja kwa kupaza sauti kama wanaimba. Nenda asubuhi. Na Marseille, kabla ya kupanda au baada ya kushuka, kuna mtaa wa Noailles wenye soko la vitu vya Kiafrika. Mji ule una Wakomoro wengi sana. Ongea Kiswahili polepole, mtakamatana kwa maneno mengi.

Nguba_Express, Bukavu

Nyote mmesema vizuri, lakini hakuna aliyegusa viza. Mama, angalia ile ya Schengen (nchi za Ulaya zenye viza moja) iliyo kwenye paspoti yako. Ukishuka Marseille umeingia mara moja. Meli ikienda Tunis umetoka. Ukifika Barcelona unaingia tena. Viza ya kuingia mara moja haitoshi, na watu wanazuiwa kupanda meli tangu bandari ya kwanza kwa sababu hiyo, hata kama hawana nia ya kushuka Tunis. Inatakiwa ya kuingia mara nyingi. Binti amuulize pia wakala wa safari Watunisia wanataka nini kwa paspoti ya Kongo. Fanyeni hivyo sasa, msingoje mwezi wa nane.

La pili: saa ya kurudi melini. Ukitembea mwenyewe ukachelewa, meli inaondoka. Ukichukua matembezi yaliyouzwa na meli, wanakungoja. Ndiyo sababu moja ya bei yake kuwa kubwa. Kwa Palermo tembea mwenyewe, ni karibu. Kwa Napoli, kama treni inakutia wasiwasi, lipia ya meli.

La tatu: ukishaingia melini zima mtandao wa simu, weka hali ya ndege. Baharini simu inashika mtandao wa setilaiti wa meli, na bili yake utaipeleka kwa nani.

Krosheti_na_Chai, Goma

Mama, unashona? Unasuka krosheti? Beba nyuzi zako. Dada yangu alianza kusuka kofia ya mtoto kwenye ukumbi karibu na dirisha, akaja mama mmoja Mfaransa, akaja mwingine Mjerumani na sindano zake, ikawa kikao cha kila alasiri. Mkasi uweke kwenye sanduku linaloingia chini ya ndege, usiubebe mkononi.

MamaWaKituku, Goma

Aksanti sana. Viza nimekimbia kuitazama: imeandikwa MULT, kwa hiyo Nguba, nimepumua. Nyuzi ninazo. Na Pompei nimeshamwambia mzee, naye amesema ataangalia huo mlima kutoka kwenye kiti chake.

Kuna jambo ambalo sikuliandika mwanzoni. Jina langu mnaliona. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, boti ile kutoka Minova ilipozama karibu kabisa na Kituku, bandari yetu hapa Goma, nilikuwa ufukweni na wengine. Tangu siku hiyo nikisikia mashine ya boti inabadilisha sauti, moyo unakwenda. Labda ndiyo sababu naogopa kukaa bure huko: nikikaa, nitafikiri. JikoLaMeli, niambie ukweli kuhusu usalama.

JikoLaMeli, Lubumbashi

Pole sana, mama. Nitakuambia nilivyoona.

Siku ya kwanza, kabla meli haijatoka au mara tu inapotoka, kila abiria lazima ajue kituo chake cha kukusanyikia. Sheria hiyo ilikazwa baada ya meli ya kitalii Costa Concordia kugonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio tarehe 13 Januari 2012. Walikufa watu 32, na waliopanda siku hiyo hiyo walikuwa hawajafanya zoezi. Siku hizi kwenye meli nyingi unatazama filamu fupi, kisha unakwenda kwa miguu mpaka kituoni, wanapitisha kadi yako kwenye mashine. Wengi wanalifanya haraka wakimbilie chakula. Wewe usiharakishe. Mwombe mfanyakazi akuonyeshe jinsi jile ya kuokolea maisha inavyofungwa, uifunge mwenyewe mpaka mikono izoee. Kisha tembea kutoka kabini mpaka kituoni kwa ngazi, bila lifti, na mzee akifuata. Rudieni usiku.

Pia, abiria wanahesabiwa. Kadi yako inasomwa kila unapotoka na kila unapoingia, kwa hiyo wanajua nani yuko ndani. Watu hawaongezwi gatini kwa sababu wamechelewa, na mizigo haipandishwi juu ya vichwa vya watu. Wewe unajua kwa nini nataja hilo.

Kuhusu kuyumba: kabini ya katikati ya meli, sitaha za chini, inayumba kidogo kuliko za mbele na za juu. Kama binti bado anaweza kubadilisha, abadilishe. Kati ya Barcelona na Marseille upepo wa mistral unaweza kuvuruga bahari, hata meli kubwa inayumba. Hiyo ni kawaida, si hatari. Toka nje, tazama mstari wa mbali wa bahari, tafuna tangawizi. Kukaa kabini kunazidisha.

NyotaYaKadutu, Bukavu

Mama, nisamehe, sikujua. Basi kagua stoo yote, na jikoni, na dobi.

MamaWaKituku, Goma

Hakuna kosa, mwanangu. Binti anauliza leo kuhusu kabini. Swali la mwisho, JikoLaMeli: naweza kubeba pilipili yangu? Mzee bila pilipili hali, na chakula cha Wazungu nakijua.

JikoLaMeli, Lubumbashi

Ya unga, ya dukani, iliyofungwa vizuri, sijaona ikikataliwa. Ile ya kusaga nyumbani na mafuta, ndani ya chupa ya mayonezi, wataichukua mlangoni. Lakini usihangaike: wahudumu wengi ni Wafilipino, Wahindi na Waindonesia, na wao pia hawali bila pilipili. Siku ya kwanza mwambie mhudumu wa meza yenu kwa upole. Ataleta ya wafanyakazi kutoka nyuma. Mwambie mzee aanze na kidogo.