Naomba ushauri: kulipa zaidi mkopo wa nyumba tukiwa na watoto wadogo

Ndugu zangu, mimi na mume wangu tumechukua mkopo wa nyumba wa shilingi milioni 80 kwa miaka 15, kwa riba ya asilimia 15 inayokokotolewa kwenye salio. Rejesho la mwezi ni takriban 1,120,000, na katika rejesho la kwanza milioni nzima ilimezwa na riba (usingizi ulinipaa). Kwa hesabu zangu, tukiongeza 200,000 kila mwezi tutamaliza kwa takriban miaka tisa na nusu. Lakini mkubwa anaanza chekechea Januari, mdogo bado ananyonya, na akiba yetu haifiki hata matumizi ya mwezi mmoja. Je, tuanze kuongeza sasa, au kwanza tujaze akiba ya miezi mitatu? Na je, ni lazima tuiandikie benki ili nyongeza ipunguze muda wa mkopo badala ya rejesho?