Jipsamu ya chumba cha Bibi

Zuhura: Shikamooni wakubwa. Bibi hajalala tena. Asubuhi kaniuliza kwa nini refa alikataa lile bao. Mechi ilikuwa sebuleni, yeye yuko chumbani kwake na mlango umefungwa 😩

Shangazi Mwajuma: Marahaba. Jamani, mama ana miaka 81 na juzi tu katoka hospitali. Hiyo TV hampunguzi?

Idi: Shangazi tulipunguza. Haki ya Mungu.

Ba'mdogo Salum: Tulieni. Jumatatu fundi anaanza kupiga jipsamu, ukuta wa kati na dari. Anabandika bodi ukutani moja kwa moja, nyuma yake trei za mayai. Nimeshakusanya trei 43 kwa muuza chipsi wa stendi.

Zuhura: 43 😂😂😂

Hamisi (Dodoma): Shikamoo Ba'mdogo. Trei zirudishe. Zile zinapunguza mwangwi kidogo humohumo chumbani, lakini sauti inayotoka ng'ambo inazipita kama upepo kwenye chandarua. Halafu zinashika moto upesi, na ukuta ule una waya za umeme.

Ba'mdogo Salum: Marahaba. Basi yale maplastiki meupe ya kwenye boksi la TV?

Hamisi (Dodoma): Afadhali hata trei. Yale ni mepesi halafu magumu, ukiyagandisha ukutani na bodi juu yake, ukuta unaweza kuvuma kuliko mwanzo. Sauti inazuiwa na uzito, na kuziba kila upenyo.

Hamisi (Dodoma): Ila msinunue hata skrubu kwanza. Ukuta wa kati si tofali la inchi 6, plasta pande zote? Huo haupitishi maneno ya mtangazaji namna hiyo. Idi, chukua tochi, panda darini kupitia ule mfuniko wa koridoni, uniambie ukuta wa Bibi umeishia wapi.

Idi: Saa hizi? Kule kuna popo

Shangazi Mwajuma: Panda.

Idi: [picha] Umeishia usawa wa dari. Juu ni wazi, naona mpaka upande wa sebule. Hata mwanga wa taa ya sebuleni unapenya.

Hamisi (Dodoma): Sasa umeona. Sauti inatoboa siling bodi ya sebuleni, inatembea juu kwa juu, inamshukia Bibi. Nyumba nyingi zimejengwa hivyo, ukuta wa ndani ukifika usawa wa dari fundi anashuka, kazi imeisha. Mngepiga jipsamu hata tabaka 5 ukutani, Bibi angeendelea kuhesabu kona.

Ba'mdogo Salum: Kwa hiyo nibomoe?

Hamisi (Dodoma): Usibomoe kitu. Upandishe huo ukuta kwa tofali mpaka bati. Kenchi inapopita, ziba kwa saruji, na vile vibonde vya bati navyo visisahaulike. Palipo na upenyo wa kidole, sauti inapita. Kisha dari ya Bibi: bodi za mm 12, tabaka mbili, maungio ya juu na ya chini yapishane, na juu yake mlaze pamba ya mawe (yale magodoro ya nyuzi za mawe ya kuzuia sauti) ya mm 50. Isishindiliwe.

Hamisi (Dodoma): Bodi moja ya futi 4 kwa 8 ina karibu kilo 25, na hapo mnaweka mbili mbili. Kwa hiyo fundi akague zile mbao 2x2 zinazobeba dari zimeshikwaje kwenye kenchi, na atumie skrubu. Akija na misumari mrudishe kwao.

Shangazi Mwajuma: Na ukuta wenyewe?

Hamisi (Dodoma): Msiuguse kwanza. Ikilazimika baadaye, fremu isimame yenyewe bila kugusa tofali, ndani pamba, juu bodi mbili. Ila inakula inchi 4 za chumba na lile kabati la Bibi halitaenea.

Shangazi Mwajuma: Kabati la marehemu baba haliondoki.

Ba'mdogo Salum: Fundi anataka kuweka taa nane za kuzama. Zinapendeza.

Hamisi (Dodoma): Ni matundu nane Ba'mdogo. Weka taa moja ya kubandika. Na pembeni kote dari inapokutana na ukuta apige silikoni, puti peke yake itapasuka.

Zuhura: Mvua je? Masika hapa Kihonda bati likianza hata simu husikii.

Hamisi (Dodoma): Pamba itaipunguza. Kuisha haitaisha.

— Wiki tatu baadaye —

Zuhura: Jana tumejaribu. TV sauti ile ile, nikakaa kwa Bibi. Maneno hayasikiki kabisa! Besi ya matangazo ndiyo bado inaguna kidogo, na sauti fulani ya chinichini kutoka mlangoni.

Hamisi (Dodoma): Besi ni ngumu, hiyo mtaizoea. Chini ya mlango kidole kinapita?

Zuhura: Viwili.

Hamisi (Dodoma): Pigeni mpira pale chini. Hata tyubu kuukuu la baiskeli linatosha.

Idi: Langu sio kuukuu jamani

Shangazi Mwajuma: Mama anasemaje?

Zuhura: Analalamika siku hizi haambiwi mechi imeishaje 😅

Ba'mdogo Salum: Na trei zangu ziko wapi?

Zuhura: Mama Asha wa kuku kazichukua zote. Ameleta mayai kumi, Idi kakaanga sita.